Lami Ina Deni

Shimo la barabarani huanza na ufa mwembamba kama uzi, ambao mpita njia hana habari nao. Mvua ya Machi inaingia humo, inatuama kwenye tabaka la kokoto chini ya lami, na kila gurudumu linalopita linayakamua yale maji yatoke pamoja na udongo laini. Baada ya muda lami inakosa pa kuegemea, inabomoka. Kyebando, mtaa wa Tarafa ya Kawempe jijini Kampala, unaoteremka kuelekea bonde la Nsooba na barabara ya Northern Bypass, una balaa la ziada: maji ya juu lazima yapite mahali, na mtaro ukizibwa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, yanapita barabarani. Mtu akijaza shimo kwa udongo mwekundu na vipande vya matofali, mvua inayofuata inaubeba udongo ule hadi mtaroni, mtaro unazidi kuziba, na maji yanarudi pale pale.

Methali ya ufa na ukuta kila mtoto anaijua. Lakini methali hiyo inahesabu gharama tu. Haisemi nani anadaiwa. Ufa ukiachwa miaka mitatu, nani amekosa? Hakuna aliyevunja kitu. Injinia hakuvunja, diwani hakuvunja, mwenye boda hakuvunja. Ndiyo maana swali la kuziba mashimo, linaloonekana la mafundi na wahasibu, kwa asili ni swali la maadili: je, kutotenda kunaweza kuwa dhambi? Waislamu husimulia habari ya Khalifa Umar, aliyeogopa kuulizwa na Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraki kwa kuwa hakumsawazishia njia, ilhali yeye yuko Madina. Mimbarini habari hiyo hutolewa kama mfano wa huruma. Mimi naiona zaidi kama habari ya hesabu: anayepokea kodi ya Iraki anadaiwa njia ya Iraki, hata kama hajawahi kuikanyaga.

Hapo ndipo ninaposimama. Matengenezo ya barabara ni deni, si sadaka. Siku lami inapomwagwa na utepe kukatwa, jiji limejifunga kuitunza, na ahadi hiyo inaanza kudaiwa mvua ya kwanza ikinyesha. Tofauti si ya maneno. Sadaka hutolewa mtoaji akijisikia, naye hushukuriwa. Deni lina tarehe yake, na katika sheria ya Kiislamu hulipwa hata kabla ya wasia na mirathi kugawanywa. Aprili 2023 wakazi wa Kampala walifanya "maonyesho ya mashimo" mtandaoni, yaliyoanzishwa na mchoraji katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo. Picha zilipozidi, Rais aliagiza mamlaka ya jiji, KCCA, ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Kiasi hicho ni kidogo: jiji lina barabara za zaidi ya kilomita 2,000, na sehemu yenye lami haizidi sana theluthi. Lakini kilichonigusa zaidi ya kiasi ni namna: fedha ilitoka baada ya kelele, kama anavyopewa ombaomba aliyeng'ang'ania mlangoni.

Sheria ilikuwa imekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Mfuko wa Barabara wa Uganda ya mwaka 2008 ilikusudia tozo za watumiaji wa barabara, hasa ya mafuta, ziingie Mfukoni moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Fedha ziliendelea kupita hazina kuu, Bunge likazigawa kila mwaka kama linavyogawa mengine, na mwaka 2024 ikaamuliwa Mfuko wenyewe urudi ndani ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mwendesha boda wa Kyebando, kila akijaza tangi, amekwisha kulipa. Risiti yake ndiyo haionekani.

Nitajibiwa kwamba mfuko maalumu si dawa, na Kenya ni ushahidi. Kweli. Kule tozo ya matengenezo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, kisha shilingi 7 kati ya hizo zikawekwa rehani kulipa malimbikizo ya wakandarasi. Mfuko unaweza kuporwa. Lakini anayeuchota anajulikana amechota kiasi gani na kwa ajili gani. Fungu lisilokuwepo haliachi hata alama ya kidole.

Wengine watauliza: bulungi bwansi iko wapi? Baganda walitunza njia zao pana kwa kazi ya pamoja kabla ya mkoloni kufika. Naiheshimu desturi hiyo, na kuzibua mtaro kila Jumamosi ni kazi yake halali. Ila Mkataba wa Buganda wa 1900, uliofungwa na Waingereza, uliigeuza amri: mtu mmoja kwa kila nyumba tatu, hadi mwezi mzima kwa mwaka. Wema ukilazimishwa kwa mtu ambaye amekwisha kutoa kodi, unakuwa kumlipisha mara mbili.

Pingamizi gumu ni jingine. Mafundi husema ziba nyufa kwanza, yaani tumia fedha kwenye barabara ambayo bado ni nzima, kwa kuwa hapo shilingi inaokoa nyingi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 1994 kwamba dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeiepushia Afrika bilioni 45 za kujenga upya katika mwongo mmoja. Lakini barabara nzima mara nyingi ni za wenye nacho, na vichochoro vya Kyebando vyenye udongo mtupu havina lami ya kupasuka. Je, wakazi wa huko wasubiri milele? Hapana: barabara ya udongo nayo ina deni lake, la greda, la kalvati na la mtaro, na deni hilo ni jepesi kuliko la lami. Zaidi ya hapo sina jibu litakalomridhisha mama anayeuza ndizi kwenye kichochoro kisichopitika. Ninachoweza kumwambia ni kwamba barabara mpya aliyoahidiwa, kwa sehemu kubwa, imeliwa na ile ya zamani iliyojengwa mara mbili.