Lafudhi ya Shahidi na Ukweli wa Ushahidi

Falsafa ya ushahidi hujiuliza, pamoja na mengine, iwapo shahidi anayebadilisha sauti yake kulingana na anayemsikiliza huwa ameupunguza ukweli wa anachokisema. Swali hili limepata uzito mpya tangu simu zenye kamera zilipoenea, kwa kuwa kazi ya kuripoti matukio haimo tena mikononi mwa waandishi wa habari peke yao. Uanahabari wa kiraia, yaani mwananchi asiyesomea taaluma hiyo kurekodi tukio na kulisambaza mwenyewe, umeleta mbele ya umma sauti ambazo zamani hazikuwa na njia ya kufika hewani. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako Kijaluo, Kikuria, Kisuba, Kiswahili na Kiingereza hukutana sokoni na ufuoni mwa ziwa, sauti hizo ni nadra kutulia katika lafudhi moja.

Lafudhi ni namna mtu anavyotamka maneno, nayo hutofautiana na lahaja, ambayo hubeba pia msamiati na sarufi yake. Kijaluo hakina sauti za z, sh wala v, na kwa hiyo mzawa wa Nyatike au Rachuonyo anaweza kuitamka "shule" kuwa "sule", na "zaidi" kuwa "saidi", si kwa uvivu wala kwa ukosefu wa elimu, bali kwa sababu kila lugha humzoesha mwanawe sikio na ulimi wa namna yake. Mkuria wa Kehancha, ambaye lugha yake ni ya Kibantu kama Kiswahili chenyewe, hubadilisha hata uchaguzi wa maneno, kwani akivuka mpaka wa Isebania kwenda kufanya biashara Sirari, Tanzania, hujikuta amepunguza ukali wa "nipe" na kuanza kusema "naomba". Wasuba nao wanaonyesha jinsi mazingira yanavyoweza kwenda mbali zaidi ya matamshi na maneno, kwa maana jamii hiyo ya Kibantu, hasa kisiwani Rusinga, imehamia Kijaluo kizazi baada ya kizazi, hata Kisuba kikahesabiwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka.

Mabadiliko ya aina hii yamechunguzwa na wanaisimu kwa muda mrefu. Howard Giles, katika miaka ya 1970, alijenga nadharia ya kuafikiana katika mazungumzo, inayoeleza kwamba msemaji huusogeza usemi wake karibu na wa mwenzake anapotaka kukubalika, na huusogeza mbali anapotaka kujitenga. Allan Bell, katika makala yake ya mwaka 1984, alionyesha kwamba watangazaji walewale wa redio nchini New Zealand, wakiwa katika studio zilezile, walibadilisha matamshi yao kutegemea idhaa waliyokuwa wakiisomea habari. Kwa kuwa msomaji na chumba havikubadilika, Bell alihitimisha kwamba kilichobadilika ni hadhira, hata kama hadhira hiyo haionekani.

Hoja hiyo inaiangaza hali ya mpiga video wa kijijini. Mto Kuja unapovunja kingo zake na kuifurikia Nyatike, kama ilivyotokea wakati wa mvua za mwaka 2020, kijana mwenye simu anaweza kuanza kurekodi huku akiwauliza majirani kwa Kijaluo ni nani amevushwa na ni nani bado yuko ng'ambo. Kisha huigeuza kamera imwelekee yeye, hukohoa kidogo, na kuanza kusema, "Watazamaji, hali ni tete hapa Nyatike." Ile "sule" aliyoitaja punde tu akiongea na jirani sasa inakuwa "shule", tena yenye sh iliyokazwa kuliko ya mtangazaji wa Nairobi. Kinachotokea hapo ni kwamba hadhira ya pili, isiyo na uso wala jina, imeketi kando ya ile ya kwanza, na ulimi wa msemaji umeitambua kabla yeye mwenyewe hajaitafakari.

Hukumu mbili hutolewa haraka juu ya sauti kama hiyo. Ya kwanza hudai kwamba lafudhi ya kijijini ni dalili ya ukweli, kwa kuwa haijapambwa. Ya pili hudai kwamba lafudhi ya studio ndiyo yenye kuaminika, kwa kuwa ni ya mtu anayejua anachofanya. Zote mbili zinaikosea lafudhi kwa kuitwika mzigo usio wake. Lafudhi hueleza uhusiano wa msemaji na anayeambiwa, lakini haielezi kina cha maji. Kitabu cha Waamuzi katika Biblia kinasimulia jinsi Waefraimu walivyouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kuitamka sh ya "Shibolethi", na kisa hicho kinaonyesha hatari ya kuichukua sauti ya kinywa kuwa kipimo cha mtu mzima. Msikilizaji anayeicheka "sule" na kuitupa habari yote pamoja nayo hamuui mtu, lakini naye ameifanya konsonanti kuwa hakimu.

Haifuati, hata hivyo, kwamba kuhama kwa lafudhi hakuna athari yoyote. Lafudhi ya studio huja na ghala lake la kauli zilizokwisha tengenezwa, kama vile "wakazi wanakadiria hasara" au "serikali imetakiwa kuingilia kati", na anayeiazima sauti hiyo huziazima kauli hizo pia. Yule kijana wa Nyatike alipokuwa akisema na jirani, alitaja boma la nani limezama, maji yalifika dirisha lipi, na ng'ombe wamehamishiwa kilima gani. Akisema na taifa, anabaki na "familia kadhaa zimeathirika". Hakuna uongo uliosemwa, ila yale ambayo yeye peke yake aliyaona yamefunikwa na yale ambayo yeyote angeweza kuyasema bila kufika. Ushahidi hupungua pale umahususi unapouzwa ili kununua heshima, wala si pale s inapogeuka sh.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuitaka serikali ikuze pia lugha za wenyeji, lakini sheria haiwezi kuamrisha usikivu. Kazi hiyo ni ya anayetazama na ya anayehariri. Mhariri anayekata mazungumzo ya Kijaluo yaliyotangulia na kubakiza hotuba iliyopangwa kwa Kiswahili sanifu anadhani ameondoa kelele, kumbe ameondoa sehemu iliyokuwa na majina, vipimo na mahali. Shahidi ana haki ya kusema na kila mtu kwa sauti inayomfaa mtu huyo, na wajibu wake ni kwamba, kwa lafudhi yoyote atakayoichagua, aendelee kusema alichokiona.