Kijana wa Chuo na Jeshi la Akiba

Vijana wa huku kwetu Mbugani waendao vyuoni Mbeya na Dar es Salaam huuliza swali ambalo babu zao hawakuuliza: mtu akipenda kuwa askari wa akiba wa nchi yake, naye bado yumo masomoni, ashike njia ipi? Njia zilizo karibu ni mbili. Iko Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Tena uko mgambo, ambao mtu hufunzwa karibu na kwao, kisha akarudia shamba lake.

Zamani za Wanyakyusa hapakuwa na kuchagua. Wavulana walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao pamoja na wenzi wa rika lao. Na walipokomaa, kuilinda nchi ilikuwa juu yao. Leo mtu hujichagulia mwenyewe, na mwenye kuchagua hana budi kutoa hesabu ya alilolichagua.

Basi tuhesabu. Mafunzo ya JKT kwa waliomaliza kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013, nayo huchukua miezi mitatu kabla ya kuingia chuoni, masomo hayakatiki. Wako na wanaojitolea, ambao hukaa muda mrefu zaidi, wengi wakitumaini kuandikwa kazi jeshini au polisi. Mgambo nao hufunzwa miezi kadhaa, wala likizo ya chuo haitoshi. Kwa hiyo mwanafunzi asemaye, "Mgambo ni mwepesi, tena ni karibu na nyumbani," hajahesabu vema.

Wala huo ukaribu haukuahidiwa na mtu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, wanamgambo walitolewa vijijini kwa maelfu wakavuka mpaka, hata Kampala ilipotwaliwa mwezi wa Aprili 1979. Mtu aliyefunzwa ili alinde kijiji chake alijiona yumo katika nchi ya watu. Hakudanganywa, maana ya akiba ndiyo hiyo. Mpunga uliowekwa ghalani hauchagui siku ya kupikwa, wala chungu.

Kwa hiyo naona kwamba swali la kwanza si jeshi lipi, bali ni hili: je, kijana huyu anaweza kuitwa? Kwa maana amekwisha kutolewa kwa kazi nyingine. Baba ameuza kakao, mama ameuza mchele, na ndugu mdogo amebaki nyumbani mwaka mzima ili ada ipatikane. Kuuahidi mwaka ule ule mara mbili, kwa wazazi na kwa jeshi, si haki, hata kama ahadi zote mbili ni njema. Aliyeitwa kabla ya chuo na aende kwa moyo mmoja. Aliyekwisha kuanza masomo na ayamalize, ndipo ajiunge na mgambo mahali atakapofanya kazi.

Labda msomaji atasema, "Je, taifa halikumlipia kitu?" Hakika limemlipia. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu, wakikataa sheria ya kutumika miaka miwili huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Mimi nadhani walikuwa na haki ya kuuliza juu ya masharti; lakini walisema habari za mishahara kana kwamba wakulima hawakuwasomesha. Walakini watu wengi husahau jambo la pili: siku hiyo Nyerere alipunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi wazee na walimu tunaowahimiza vijana waende kambini, yafaa tuulizwe tumepunguza nini.

Na huyu anayejiandikisha kwa ajili ya kupata kazi tu? Simlaumu, kutafuta kazi si aibu. Ila awaambie wazazi wake wazi kwamba ndiyo sababu, wasije wakadhani ada yao imekwenda kwa jambo lingine. Tena, kabla ya kuandika jina lake, aende katika ofisi ya chuo aulize kama nafasi yake itawekwa mpaka atakaporudi, na jibu hilo alipate kwa maandishi.