Sifa ya Kazi ni ya Nani?

Msomaji, lifikiri neno hili kabla ya kulijibu. Kazi moja ikipita katika mikono ya watu wanne, na jina moja tu likaandikwa juu yake, je, wale watatu wamedhulumiwa? Au jina ni haki ya yule aliyewaza kwanza, na wengine ijara yao yawatosha? Swali hili si la mafundi peke yao, maana hakuna mtu aliyepata sifa kwa kazi ambayo wengine hawakuwa na mkono ndani yake. Nitalipima kwa mfano wa Wajapani, kwa kuwa katika ufundi wao wa picha zipigwazo chapa kwa mbao, mikono hiyo huonekana wazi, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1760 alizaliwa katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, mtoto aliyekuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Hokusai. Picha yake ya wimbi kubwa lililoinuka juu ya mashua tatu, na mlima Fuji ukionekana mdogo kwa mbali, ilitolewa karibu na mwaka 1831. Pembeni mwake imeandikwa kwamba imetoka katika kalamu ya Hokusai. Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote.

Sikiliza jinsi picha ya namna hiyo ilivyofanywa. Tajiri mwenye duka la picha alitoa mtaji na kuwaajiri mafundi. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliigandisha karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, ambao ni mti mgumu, akakata kwa kisu kando ya kila mstari, akiuacha mstari wenyewe umesimama. Hivyo mchoro wa asili ulikatwakatwa ukaangamia kazini. Kisha alichonga mbao nyingine kwa ajili ya rangi. Mpiga chapa alipaka rangi ubaoni, akalaza karatasi kwa kufuata alama mbili zilizochongwa ili rangi isihame mahali pake, akasugua mgongo wa karatasi kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Kosa la mmoja, dogo kama unywele, liliweza kuharibu kazi ya wote.

Waonaje sasa? Wimbi liliwazwa na Hokusai. Walakini vidole vya povu tunavyovistaajabia vilikatwa na mkono wa mtu mwingine, na buluu ya bahari ilipakwa na mkono wa mtu wa tatu. Majina ya watu hao hayamo katika karatasi ile.

Yuko atakayesema kuwa chanda chema huvikwa pete. Mwondoe mchongaji, atapatikana mwingine. Mwondoe Hokusai, wimbi halipo. Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Mwingine ataongeza kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi akitajwa, atajivuna na kuharibu kazi.

Maisha ya Hokusai mwenyewe yanazijibu hoja hizi. Katika ujana wake, kabla hajawa mchoraji, alifanya kazi ya kuchonga mbao, akaujua uzito wa kisu. Alipokuwa mzee aliandika barua kuomba michoro yake apewe mchongaji Egawa Tomekichi, na kulalamika juu ya wachongaji waliogeuza macho na pua alizozichora. Kama wachongaji wote ni sawa, kwa nini alimtaka huyo? Tena kitabu chake cha picha mia moja za mlima Fuji, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1834, kilitaja jina la Egawa. Tembo halikutiwa maji; kitabu hicho chasifiwa hata leo kwa ustadi wa uchongaji wake.

Wako waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa picha ya mvuvi ambayo aliichora, akaichonga na kuipiga chapa yeye mwenyewe, na wengi wakamfuata. Njia hiyo ina heshima yake, kwa kuwa jina na mkono ni vya mtu mmoja. Hata hivyo haifuti deni, ila hulisogeza nyuma. Maana Yamamoto naye alifundishwa kuchonga tangu utotoni, na karatasi yake ilitengenezwa na wengine.

Basi hukumu yangu ni hii. Usawa wa sifa si lazima, lakini ukweli wa sifa ni lazima. Hokusai hakukosa kutia jina lake juu ya wimbi lake, na pete ibaki katika chanda chake. Dhuluma huanza pale ukimya unapoachwa uwaaminishe watu kwamba hapakuwa na mwingine.

Nawe kijana, siku moja utaitwa mbele ya watu kupokea tuzo. Siku hiyo utaona ni rahisi kunyamaza, wala hakuna atakayekushitaki. Kabla hujanyosha mkono, ihesabu mikono iliyokufikisha hapo. Kisha taja jina moja ambalo wasikilizaji hawakulitazamia. Tuzo yako haitapungua, na mtu mmoja ataondoka pale akiwa amelipwa haki yake.