Kabla Mwale wa Kwanza Haujapita

Jumapili iliyopita wakati wa chai mama mmoja wa kwetu alitusimulia jambo lililotufanya tusahau mandazi mezani. Mama huyu anatibiwa saratani kwa mionzi. Kila siku ya kazi hupanda treni hapa Toongabbie asubuhi na mapema, hufika hospitali, hulala juu ya kitanda chembamba kwa dakika chache huku mashine ikimzunguka, kisha hurudi nyumbani kupika. Siku moja wiki ile jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Akafika, akakaa. Saa nzima ikapita. Wauguzi wanapita, wanatabasamu, hawasemi kitu. Binti aliyemsindikiza alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini, na saa za kazi asizofanya hazilipwi. Akainuka kwenda kuuliza kulikoni. Akaambiwa kwamba mashine imewaka na inafanya kazi, ila kipimo cha asubuhi kimetofautiana kidogo na kinavyotakiwa kuwa, na hakuna mtu atakayelazwa pale mpaka sababu ijulikane.

"Mama, wanasema ni tofauti ndogo tu," binti akamwambia. "Wangeweza kutuhudumia tukaondoka."

"Ndogo kwa nani, mwanangu?" mama akajibu.

Swali hilo tumelibeba wiki nzima, na hatujaweza kulitua.

Mashine ile ya hospitali ni kitinda mimba wa ukoo mkubwa. Kazi yake ni kuchukua chembe ndogo za umeme, elektroni, kuzipa kasi kubwa mno, kisha kuzigongesha kwenye kipande cha metali ili itoke mionzi ya kuchoma uvimbe. Ndugu zake wakubwa wapo hapa hapa Australia: ziko mashine za namna hiyo Lucas Heights, kusini mwa Sydney, na kule Clayton, Melbourne, iko nyingine yenye duara la mita 216. Mkubwa wao wote yuko Ulaya, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, katika kituo cha utafiti kiitwacho CERN. Huyo amelazwa kwenye handaki la duara la kilomita 27, karibu mita 100 chini ya mashamba ya watu. Vyuo vikuu vya Sydney na Melbourne vina watafiti wao pale, kwa hiyo habari zake si za mbali nasi kama zinavyoonekana.

Mwale wa kwanza wa mashine hiyo kubwa ulizunguka duara zima Jumatano tarehe 10 Septemba 2008, saa nne na nusu asubuhi kasoro dakika mbili kwa saa za kule. Hapa Sydney jua lilikuwa limeshazama. Baadhi yetu wakati ule tulikuwa bado Afrika, wengine kambini, na tulichosikia redioni ni kwamba Wazungu wamechimba shimo litakaloimeza dunia. Dunia haikumezwa. Kilichotokea kilikuwa kidogo kuliko hicho, na kwetu kina mafunzo zaidi.

Kwanza tuone matayarisho yalivyokuwa. Ndani ya handaki zimepangwa sumaku kubwa 1,232 za kuupinda mwale ufuate duara, kila moja ina urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35 hivi. Zinapoozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, na kupooza sehemu moja tu ya duara huchukua wiki kadhaa. Sababu ya baridi hiyo ni kwamba waya zake zikifikia hali ile hupitisha umeme mwingi mno bila kupata joto lolote. Hata mwale wenyewe siku ile haukuachiwa kwa nguvu. Ulikuwa mwale dhaifu, chembe chache, tena ulizuiwa kila baada ya sehemu moja ya duara. Wataalamu wakaangalia umepita wapi, wakausahihisha, wakaufungulia sehemu inayofuata. Kamera za dunia nzima zilikuwepo. Mwale ulipokamilisha duara watu wazima walipiga makofi kama watoto.

Siku tisa baadaye, Ijumaa, mwale haukuwemo kabisa ndani ya mashine. Duara lile limegawanywa sehemu nane. Saba kati yake zilikuwa zimeshapimwa kwa umeme mwingi, na ya nane ilikuwa haijafikishwa kiwango hicho. Ndiyo waliyokuwa wakiipima. Kati ya sumaku na sumaku kuna kiungio, mahali waya mbili zinapolehemiwa zikawa moja. Kimoja cha viungio hivyo kilikuwa kibovu. Kikapata joto, cheche kubwa ikaruka, ikatoboa chombo cha heliamu, na heliamu ikafumuka kwa nguvu iliyong'oa sumaku za tani nyingi kutoka kwenye nguzo zake. Tani sita za heliamu zilipotea. Hakuna mtu aliyeumia, kwa kuwa handaki lilikuwa tupu. Sumaku 53 zilitolewa zikapandishwa juu, na mwale haukurudi mpaka tarehe 20 Novemba 2009, miezi kumi na minne baadaye.

Ni rahisi kusema kwamba waliharakia sherehe, wakavuna walichopanda. Sisi hatusemi hivyo. Kiungio kilikuwa kibovu kabla ya kamera kufika, na kingeungua siku yoyote ambayo umeme ungefikia kiwango kile. Tena kiliungua kwenye kipimo, na kipimo kazi yake ni kufichua ubovu, ingawa hiki kilidai bei kubwa mno. Kinachotugusa ni kingine. Walipozisoma upya rekodi zao walikuta kwamba siku chache kabla ya ajali, mahali pale pale, joto lilikuwa limepanda kidogo kuliko kawaida. Kidogo sana, sehemu ya nyuzi moja. Liliandikwa na mashine, na hakuna aliyelishughulikia, kwa sababu katika maelfu ya tarakimu halikuonekana kuwa kitu. Wahenga waliosema kuhusu kuziba ufa hawakutuambia tufanye nini na ufa mdogo kiasi hicho.

Tusicheke. Mwaka juzi siku ya harambee, humu ndani ya ukumbi tunaoukodi, tuliwasha majiko mawili ya umeme na birika kubwa la chai kwenye ekstensheni moja. Waya wake uliwahi kukatika, na mtu fulani alikuwa ameuunga kwa utepe mweusi. Kiungio hicho kilikuwa kimetumika miezi mingi bila shida. Kwaya ikiwa katikati ya wimbo tukasikia harufu ya plastiki, taa zikazimika, na kijana mmoja akauvuta waya ukutani kabla zulia halijashika moto. Tulimshukuru Mungu, tukala pilau kwenye giza, tukacheka. Lakini kuna jambo hatukulifanya: hatukuuliza ni nani aliyeufunga waya ule, wala ni nani kati yetu alikuwa ameuona. Tulisema tusimwaibishe mtu. Ukweli ni kwamba wengi wetu tuliuona. Kila mmoja aliuruka alipopita na sinia, akafikiri kwamba yuko mwenye kazi hiyo.

Hapo ndipo wale wa CERN walitushinda. Waliandika yaliyotokea, wakayatangaza, pamoja na hesabu ya hasara. Kisha wakarudi kupima viungio vingine, wakakuta kwamba vingi haviaminiki kwa umeme wa kiwango cha juu. Kuvitengeneza vyote kungemaanisha kufungua mashine nzima. Wakachagua njia ambayo mtu mwenye kiburi haiwezi: mwaka 2010 wakaianzisha kazi kwa nusu ya nguvu iliyojengewa. Hebu fikiria kujenga mashine kubwa kuliko zote duniani, kisha kuwaambia walioigharamia kwamba itatembea nusu, kwa sababu hamviamini viungio vyenu wenyewe. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Julai 2012, ilitangazwa kwamba ile chembe ya Higgs, iliyotabiriwa miaka ya 1960, imeonekana. Siku ile wanafizikia wa dunia walikuwa wamekusanyika hapa Australia, mjini Melbourne, kwa mkutano wao, wakaifuata habari hiyo kwa video kutoka Geneva. Mashine ilikuwa bado haijafikia nguvu yake kamili. Viungio zaidi ya 10,000 vilikuja kuimarishwa baadaye, ilipofungwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2015.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani tunataka kusifu kusubiri. Tumezoea kuwasifu wale wanawali watano wenye mafuta ya akiba, na wanastahili sifa. Lakini kuna kusubiri kwingine. Wenzetu waliotoka Uganda wanakumbuka mwaka 2016, ilipokufa mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala. Ilikuwa ya aina ya zamani, ya kobalti, ilikuwapo tangu mwaka 1995, na nchi nzima haikuwa na nyingine. Mashine mpya ya namna ile haiwekwi popote. Inataka chumba chenye kuta nene za zege, vibali, wapimaji, na vipimo vyenyewe. Hayo yote ni ya haki. Ila iliyofuata ilikuja kuzinduliwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2018. Katikati hapo, mwenye uwezo alikwenda Nairobi au mbali zaidi, na asiye na nauli alibaki nyumbani na uvimbe wake. Kule CERN miezi kumi na minne ya kusubiri ililiwa na wanasayansi wenye mishahara, nayo chembe ya Higgs haikuwa na haraka ya kwenda popote. Kule Kampala miezi ililiwa na wagonjwa.

Kwa hiyo swali la mama linakata pande mbili. Tofauti ni ndogo kwa nani? Na kuchelewa nako ni kudogo kwa nani? Anayesema "twende tu" mara nyingi siye atakayelala chini ya mashine. Na anayesema "tusubiri" mara nyingi siye anayehesabu siku zake. Tunadhani mtu mwaminifu ni yule anayejiweka mahali pa anayelipa kabla ya kusema lolote kati ya hayo mawili, na tunakiri kwamba hilo ni gumu, kwa sababu anayelipa kwa kawaida hayumo chumbani wakati wa kuamua. Wengi wetu tunalijua kutokana na kazi zetu. Anayesafisha wodi usiku, anayemgeuza mzee kitandani asipate vidonda, anayekaza nati kiwandani, kila mmoja anajua sehemu ambayo mkaguzi haiangalii. Pale ndipo anapoamua peke yake, saa tisa usiku, miguu inauma, kama tofauti hii ni ndogo.

Tumrudie mama. Aliitwa saa nne na robo. Aliyetoka kumpokea alikuwa kijana, macho mekundu, akaanza kuomba radhi kwa kuchelewesha watu. Kiingereza cha mama si kingi, akamwambia binti atafsiri.

"Muulize amekunywa chai?"

"Mama, hayo si ya kuuliza hapa."

"Muulize."

Binti akauliza. Kijana akacheka, akasema hapana, yuko pale tangu saa kumi na mbili na hajatoka chumba cha mashine. Mama akalala kitandani, akageuza uso ukutani kama anavyoelekezwa, mashine ikaanza kuzunguka. Binti alikosa malipo ya siku nzima, kwa sababu nusu siku haikutosha. Jumatatu wana miadi tena, na mama ameshatuomba tumfungie mandazi kumi kwenye karatasi.