Kupanda Mlima Peke Yako
Mlima Hanang, jirani wa mkoa wetu wa Singida, una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mwezi wa Julai huko juu kuna baridi kali, na ukungu huweza kuificha njia. Je, ni haki mtu kuupanda peke yake? Wengine hujibu, "Maisha ni yangu." Lakini akipotea, majirani wataacha moto wao wamtafute usiku, nao wahatarishe maisha yao. Basi hatari ile si yake tu. Hata hivyo, katika ukimya mtu huisikia dhamiri yake. Kwa hiyo tusimkataze. Ila na aage, ataje njia na saa ya kurudi. Kuaga si woga, bali ni kuwaheshimu watakaomtafuta.