Chesongoch: Wasiopatikana Nao Wana Majina

Kwa kinyozi hapa mtaani Tena, Eastlands ya Nairobi, runinga ilikuwa ikionyesha Chesongoch. Vijana wamezama magotini kwenye tope, jembe na sururu mikononi, mmoja anainua bati lililokunjamana achungulie chini yake. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu akasema: "Si wawaache tu walale huko? Hela za kutafuta maiti zingewajengea waliobaki." Wengine wakaitikia. Ni mkubwa wangu, nikanyamaza, lakini neno lile limenikwama kooni wiki nzima.

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, mlima uliporomoka huko Chesongoch, Marakwet Mashariki. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, akatangaza vifo 21 na watu zaidi ya 30 wasiojulikana waliko. Barabara zilikuwa hazipitiki, majeruhi wakabebwa kwa ndege hadi Eldoret. Mahali hapo ardhi ilishaua watu 2010, ikaua tena 2012. Hilo la kuishi chini ya mlima tutalizungumza, ila si kabla watu hawajazika.

Mzee wangu, sisi wa Eastlands tuna sababu ya kutosema hivyo. Aprili 29, 2016, jengo liliporomoka Huruma usiku wa mvua kubwa. Baada ya takriban saa 80 mtoto mchanga alitolewa hai, amefungwa blanketi ndani ya beseni. Mei 5, siku ya sita, wakatolewa wengine wanne wakiwa hai, mmoja wao mama mjamzito. Nani kati yetu angethubutu kusema siku ya tatu kwamba hela zimetosha?

Utanijibu kwamba jengo likianguka huacha nafasi za hewa kati ya zege, na tope halimwachii mtu pumzi. Kweli. Siku ya sita Chesongoch anatafutwa wa kuzikwa. Lakini hapo ndipo mimi nawe tunapoachana, kwa sababu unadhani maiti ni deni kwa wafu tu. Bila mwili, daktari au naibu wa chifu ataandikaje kibali cha mazishi? Bila kibali, cheti cha kifo kinakuwa kesi. Na Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu atachukuliwa kuwa amekufa akiwa hajasikika kwa miaka 7. Mjane aliyeona kwa macho yake nyumba ikimezwa na mlima anabaki kuhangaika na akaunti ya benki ya mumewe na hati ya shamba, kana kwamba mume amesafiri. Ndio hao waliobaki unaotaka wajengewe.

Majirani zangu Waluo, mwili usipopatikana, huzika tunda la yago mahali pa mtu wao. Waliokufa ziwani wamezikwa hivyo. Wazee wale walielewa kwamba familia haiwezi kukaa tu inangoja.

Serikali yetu haijafika hapo. Aprili 29, 2024, njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani karibu na Kijabe iliziba kwa magogo na mawe, kisha maji yakabomoa na kushukia Kamuchiri, Mai Mahiu, alfajiri watu wamelala. Makumi walikufa, makumi wakatangazwa kupotea. Idadi ya waliokufa ilisomwa kila jioni. Ile ya waliopotea iliendelea kupungua sauti mpaka ikaacha kusomwa, na sisi tunaopita barabara ile kwenda Naivasha hatukuuliza.

Kwa hiyo nauliza sasa, kabla kamera hazijaondoka Chesongoch. Orodha ya wasiopatikana ibandikwe kwa chifu, jina kwa jina, na lisifutwe jina mpaka familia yenyewe iridhie. Bunge nalo liongeze kifungu cha majanga: majirani na naibu wa chifu waape kwamba fulani alikuwa ndani ya nyumba ile usiku ule, na cheti kitoke katika miezi michache. Miaka 7 imewekewa mtu aliyetoweka pasipo habari. Hawa, kijiji kizima kinajua walipolala.