Mnaokula Miezi ya Kungoja

Nawaambia ninyi wana wa wazee wenye nyonga zilizolika, nanyi wakaza wana, nanyi kamati za mchango, wachungaji na waajiri: mmekuwa hodari wa siku moja. Siku ya upasuaji mnajaa kwenye korido ya wodi, mmebeba chupa za uji na matunda ambayo mgonjwa hawezi hata kuyaonja siku hiyo. Mnampiga picha akiwa na kofia ya karatasi kichwani, na picha inatua kwenye kila kundi la WhatsApp, la ukoo, la chama, la waliomaliza darasa la nane pamoja. Ni vyema. Lakini kabla ya siku hiyo alikaa akingoja mwaka, wengine miwili na zaidi, na katika miezi hiyo yote palikuwa na fedha kidogo zilizotengwa kwa jina lake. Ninyi ndio mliozila.

Nazungumzia Kenya, kwa kuwa dhambi hii nimeiona hapa. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70, au mtu mwenye ulemavu mkali asiyeweza kujitegemea, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hukawia, kisha zikaja za miezi kadhaa kwa mkupuo. Siku zinapotoka utamwona mama akipandishwa bodaboda upande, miguu yote miwili imening'inia kushoto, kwa sababu nyonga iliyolika haikubali mtu atanue mapaja. Kila shimo la barabara linamfanya aume midomo. Anapelekwa kwa wakala kwa sababu moja tu: kidole chake kinahitajika. Anabonyeza, noti zinahesabiwa, na mkono unaozipokea ni wa mwanawe. Wakifika nyumbani anapewa mia tano na soda baridi. Zilizobaki zinatunzwa, eti. Kadi inatunzwa, kitambulisho kinatunzwa, namba ya siri inatunzwa. Asiyetunzwa ni mama.

Mtasema pesa zenyewe ni kidogo, zitafanya nini? Ngojeni niwaambie zingefanya nini.

Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga, na katikati pana gegedu. Gegedu likiisha, mfupa unasaga mfupa. Kwa wazee wengi ni umri, kwa wengine ni kuanguka bafuni. Na kwetu Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wapo vijana ambao selimundu imezuia damu isifike kwenye kichwa cha paja, kikafa na kubonyea kabla mwenyewe hajaoa. Dawa yake ya kudumu si siri. Tangu mwaka 1962 John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alionyesha namna ya kuweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki na mtu akatembea miaka mingi. Madaktari wa kazi hiyo tunao Kenyatta, Eldoret, Kijabe na Kikuyu. Lakini daktari wa usingizi hatamlaza mezani mtu ambaye presha imepanda, sukari imekataa kushuka, damu iko chini, au jino limeoza na kutunga usaha. Vijidudu vya jino husafiri na damu, na vikitua kwenye chuma kipya nyonga hiyo huenda ikafunguliwa tena.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Vidonge vya presha vya mwezi, nauli ya kwenda kliniki, maharage, mayai, dagaa wa kurudisha damu na nyama ya mapaja inayonyauka kwa kutotembea, na fimbo nzuri ya kushika mkono wa upande wa pili, si upande wa nyonga mbovu kama wengi wanavyodhani. Hizo ndizo kazi za zile elfu mbili. Zinaitwa posho ya mzee, lakini kwa anayengoja nyonga ni sehemu ya upasuaji wenyewe. Mnapozila, mama anabaki na diklofenaki ya dukani, anaimeza kutwa mara tatu tumboni mkiwa hamna kitu, inamkwaruza tumbo, inamchosha figo na kumpandisha presha ileile. Siku ya siku anafika hospitali, anapimwa, anarudishwa nyumbani. Nanyi mnatoka nje ya geti mkisema hospitali za serikali ni bure kabisa. Aliyeahirisha upasuaji hakuvaa koti jeupe. Aliyeuahirisha ndiye aliyelipia bando na mechi ya Jumamosi kwa vidonge vya mama yake.

Na choo je? Hapa ndipo mngefaa kuona haya kuliko popote. Mtu mwenye nyonga mbovu hawezi kuchuchumaa. Boma lina choo cha shimo, tundu limo sakafuni, na mama wa miaka sabini na kitu anashika misumari ya ukutani kwa mikono miwili ili asianguke ndani. Wengine huacha kunywa maji tangu saa kumi jioni wasije wakaamka usiku. Kuna seremala kila soko nchi hii ambaye kwa siku moja anatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, na kiti hicho kitahitajika hata baada ya upasuaji, kwani nyonga mpya hairuhusiwi kuchuchumaa wala kukaa chini sana kwa wiki nyingi, isije ikachomoka. Mmejenga geti. Mmepaka geti rangi. Kiti hakuna.

Kwenye Samweli wa Pili yumo mtu mnayemfahamu, ingawa mahubiri humruka. Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, aliangushwa na yaya wake akiwa na miaka mitano, siku ile watu walipokimbia, akalemaa miguu yote miwili. Daudi alipokuwa mfalme alimtafuta huko Lodebari, akamrudishia mashamba ya babu yake na kumweka mezani pake. Mashamba yale yalikuwa riziki yake, na kwa kuwa hakuweza kulima, mfalme aliyakabidhi kwa mtumishi, Siba, mwenye wana 15 na watumwa 20, alime na kuleta mavuno. Kwa lugha ya ofisi zetu Siba aliandikishwa kuwa mlezi. Ikaja siku ya fujo. Siba akamwacha bwana wake bila punda, akaenda peke yake kwa mfalme na mikate 200 na divai, akamsingizia Mefiboshethi kuwa amebaki mjini akitamani ufalme. Mfalme, bila kumsikiliza asiyekuwapo, akampa Siba mali yote. Baadaye Mefiboshethi alipofika, miguu haijaoshwa na ndevu hazijatengenezwa, akaeleza ukweli, mfalme akaamua wagawane.

Wagawane! Hukumu hiyo haijawahi kunipendeza, na sijaona mhubiri aliyeitetea nikaridhika. Ndiyo hukumu ya baraza la chifu mpaka leo. Mzee analalamika kuwa mlezi anakula pesa zake, chifu anakuna kichwa, anasema ninyi ni familia moja, basi muelewane, yeye achukue nusu na wewe nusu. Chifu, nusu hiyo umeitoa wapi? Anayepika, anayemwosha, anayeamka usiku kumgeuza, huyo hana mzozo nami. Sahani yake ni halali na ashukuriwe. Namsema Siba: anayetokea siku ya malipo, akawa wa kwanza kusema mama huyu siku hizi kichwa hakimkai sawa, hajui hata pesa zake ni ngapi. Mama anajua. Muulizeni mkiwa peke yenu naye.

Nanyi majirani mnaopenda kuhesabu hatua za watu, hamjasalimika. "Jana nilimwona sokoni, leo anajiita mlemavu." Mmepeleka maneno hayo kwa wazee wa nyumba kumi na kwa kamati, na watu wameondolewa kwenye orodha kwa ulimi wenu. Maumivu ya nyonga yana siku zake. Kuna asubuhi mtu anafika sokoni na kurudi, halafu analipa kwa siku tatu kitandani. Mlimwona akienda, hamkuwa naye akishindwa kuvaa kiatu cha kulia. Msikitini mnamwona anaswali kitini mnanong'ona, kana kwamba rukuu na sujudi ni mambo mtu huyaacha kwa uvivu. Mtume mwenyewe alikaripiwa katika Sura ya 'Abasa kwa kukunja uso mbele ya kipofu aliyemjia, nanyi mnamkunjia uso mwenye fimbo kila Ijumaa?

Kisha wapo wenye miguu mizima. Ninyi mliompa mtu chochote ofisini mkapata cheti cha ulemavu ili mshahara wenu, mpaka shilingi 150,000 za kila mwezi, usiguswe na kodi. Mnacheza mpira Jumapili, Jumatatu mna ulemavu. Kila mnapogunduliwa kunatangazwa uhakiki mpya, na uhakiki huo haumkuti mwenye miguu mizima na gari lake. Unamkuta karani wa nyonga mbovu ambaye atapanga foleni tena katika hospitali ya kaunti, atapandishwa ngazi tena mpaka ghorofa ambayo lifti yake imekufa, ili madaktari wamwandikie upya kile walichokwisha kukiandika. Mmempandisha ngazi hizo ninyi.

Waajiri nitawasema kwa ufupi, maana wanajijua. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia mfanyakazi aliyekaa kazini miezi miwili si chini ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Sheria imesema si chini ya hapo. Ninyi mmeisoma si zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya binafsi mwenye goti lililokwisha anaficha. Hajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hachukui msamaha wa kodi ambao ni haki yake, kwa kuwa barua moja ikipita mezani kwa meneja ataitwa na kuambiwa aende akapumzike. Anasimama vipindi sita kwa siku akiegemea ubao. Kiti cha shilingi elfu tatu kingemweka kazini mpaka siku ya upasuaji, na bima yake isingekatika katikati ya kungoja. Mnaacha bima ikatike, halafu mnatuma shada la maua.

Na wewe unayengoja, usidhani nimekusahau. Umefundishwa uungwana wa kutolalamika, na mbele ya daktari wa tathmini unauvaa pamoja na gauni la Jumapili. Anakuuliza unatembeaje, unajibu tunamshukuru Mungu. Anakuuliza unavaaje, unasema najitahidi. Naye anaandika hivyo hivyo, kwamba anatembea, anavaa. Mungu hakukuomba umdanganye daktari kwa jina lake. Sema ni hatua ngapi kabla hujasimama, sema nani anakuvalisha soksi, sema choo unakifikaje usiku. Na ukishapata nyonga yako, ukapona ukatembea, ukaona jina lako bado limo kati ya wenye ulemavu mkali, nenda mwenyewe ukaseme. Yupo anayengoja nafasi hiyo akiwa amelala chali. Ila familia isikusukume uende kabla ya wakati wako. Kuna wanaovua magongo mgonjwa wiki ya nne kwa sababu wamechoka kununua maziwa.

Nimewabakiza ninyi wa harambee. Mlisimama madhabahuni mkataja jina la mgonjwa na ugonjwa wake mpaka mshipa wa mwisho, hamkumwuliza kama yuko radhi. Mkachanga laki kadhaa, na Mungu awalipe waliotoa. Tarehe ya hospitali ikasogezwa. Mgonjwa alipoomba atolewe kidogo katika hizo anunue vidonge na alipe nauli, mkamwambia pesa za upasuaji haziguswi, ni takatifu. Kumbe zilikuwa zinaguswa. Mhazini alizikopesha wanachama kwa riba, mmoja kalipia karo, mwingine kaongezea ng'ombe, na tarehe mpya ilipotangazwa kukawa na vikao vya usiku na simu zisizopokelewa. Na hospitali ilipotaka ndugu wa kutoa damu, kati ya wote waliokuwa wakipiga makofi pale kanisani walifika wawili, na mmoja alikuwa wa ukoo mwingine.

Mchungaji, Jumapili ijayo usitangaze mchango mpya wa mtu yeyote. Mwite mgonjwa wa ule wa zamani akae mbele, kwenye kiti kirefu chenye mikono asije akashindwa kuinuka. Mhazini asimame na kitabu cha hesabu asome zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, mgonjwa akisikia. Na kama zimekopeshwa, awataje waliokopa kwa majina yao, wakiwa wameketi hapo hapo, na kila mmoja aseme atarudisha lini.